Kisima cha Kile Kisiwa

Mumbua mjukuu wangu,

Hapa Mumbuni tuko salama, ila mvua imetuhepa tena na ng'ombe tumewapeleka kwa shangazi yako kule Masinga. Nyanya anakusalimia, goti bado linamsumbua.

Umeniuliza, kwa vile nilipika kwa meli nikiwa kijana, meli ya watalii unayofanyia kazi isimame vipi kwa hicho kisiwa cha matumbawe. Sisi tulisimama kwa kisiwa kama hicho. Tulitia nanga nje ya mwamba, tukatumwa kwa mashua kuchota maji ya kisima chao. Wenyeji walitukubalia, wakasema tu tusichote sana.

Tulichota hadi kisima kikakauka. Muthama wa Masii, mpishi mwenzangu, akacheka. "Maji yakipungua si unachimba tu?" Akashuka na sepetu, akachimba vile tunachimba mchanga wa mto huku kwetu wakati wa kiangazi. Maji yakapanda, mengi, safi.

Mama mmoja akamwonjesha mtoto wake. Mtoto akatema. Yalikuwa ya chumvi. Chini ya mchanga wa pale, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na Muthama alikuwa ameyapita. Yule mama hakututukana. Alimpangusa mtoto mdomo, akaenda.

Mahali pa nanga nahodha atakuonyesha. Wewe uliza wanaokaa pale wanakunywa nini.

Sisi tuling'oa nanga jioni hiyo, matangi yetu yamejaa maji yao matamu.

Babu yako