Mbazi, Uliuawa Somo la Kukanusha Halijaisha

Mbazi,

Mwanangu Elibariki alikupiga mara mbili kwa mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilitua juu ya sikio la kushoto, ukapiga magoti. La pili lilikukuta umeinua mkono, na mkononi hukuwa na kitu ila kalamu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenu, nimekaa kwenye ukingo wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, daftari lako magotini pangu. Jembe lako lilikuwa hapo kando yangu, umeliegemeza kwenye jiwe. Niliona yote. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi minne nimewaambia watu kwamba sikuona.

Unajua mwenyewe tulikuwa katikati ya nini. Ulitaka Kiingereza cha kuwaongoza wageni msitu wa Shengena, na mtu wa miaka hamsini na mbili akitaka kusoma, mwalimu mstaafu hawezi kukaa nyumbani. Kila alasiri ya zamu yako, maji ya ndiva yakiwa yanateremka shambani kwako, tulisoma. Wiki ile tulikuwa kwenye maneno ya kukanusha: "never", "hardly", "nobody", "nothing". Yalikutesa. Uliandika "Nobody did not come", nami nikakueleza tena taratibu. Kiswahili chetu huweka ukanushi ndani ya kitenzi chenyewe, "hakuja", kwa hiyo mkono wako unatafuta kukivika kitenzi vazi lake hata pale ambapo Mwingereza ameshakataa kwa neno lingine. Yeye hukataa mahali pamoja tu. Akisema "nobody", kitenzi kinabaki kama kilivyo: "Nobody came". Akisema "never", basi mtu anayefuata si "nobody" tena bali "anybody": "I never saw anybody". Na "hardly" ni vivyo hivyo, japo halionekani kama neno la kukataa: "Hardly anybody came".

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwalimu, kumbe wabahili ni hawa! Wanakataa mara moja tu wanafunga duka. Halafu sisi Wapare ndio tunasemwa!"

Nikacheka pia, lakini nilikumbuka kidato cha pili. Kwa kosa hilohilo, "I don't know nothing", nilikucharaza viboko sita mbele ya darasa, na cha nne kilipasua ngozi. Wakati ule niliamini sarufi huingia kwa fimbo. Haikuingia, Mbazi. Miaka thelathini na tano baadaye ulilirudia kosa lilelile, ukaniita Mwalimu kwa heshima, ukaniamkia shikamoo kila siku, nami sikupata kukuomba radhi.

Ndipo maji yakapungua kwenye mfereji wako. Uliinuka. "Ngoja nikaangalie, mtu kachezea kizibo." Ukaenda na kalamu.

Elibariki alikuwa amefungua upande wake, siku isiyo yake. Nilisikia ukimwambia, "Baba mdogo, leo ni mimi. Subiri kesho." Ulimwita hivyo kwa utani, kama siku zote. Akajibu, "Kesho maharage yangu yatakuwa makapi! Toka hapo!" Ukainama kurudisha kizibo. Akapiga.

Sauti ya mpini kwenye fuvu ni kama ya gogo linalopasuliwa likiwa bado bichi. Sikuwahi kuisikia, na sasa naisikia nikinywa chai. Uliangukia majini, maji yakaenda mekundu kwenye mfereji wake, yakaingia shambani kwake. Nilipokufikia, jicho lako moja lilikuwa wazi. Tulikupakia nyuma ya gari la viazi, tukashuka ile barabara mbaya, kichwa chako mapajani pangu juu ya daftari lako, na kila shimo lilikutoa damu puani. Hatukufika Same. Ulikata roho hata mji haujaonekana.

Askari aliniuliza nilichoona. Nikasema nilikuwa nimeinamia daftari. Mzee mwenyekiti wa maji aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, nani aliinua chuma kwanza?" Elibariki alikuwa ameshasema ni wewe, kwamba alijikinga tu. Nikajibu, "Sikuona, mzee mwenzangu." Walisema Mwalimu hasemi uongo, basi hakuna shahidi, na mwanangu akashtakiwa kuua bila kukusudia tu, akatoka kwa dhamana.

Watu wa tambarare hutucheka kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mimi nilipewa kesi ya mtu nikaikimbia.

Lakini sikufikiri mbele. Unaijua sheria ya ndiva: anayeanza ugomvi pale, nyumba yake inakosa zamu msimu mzima. Kwa neno langu moja, aliyeanza ukawa wewe. Mkeo Nakunda akanyimwa maji. Nimemwona mjane wako akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, anamwagilia shina moja moja kwa kopo, wakati maji yanapita mita tano kutoka uzio wake kwenda kwa mwanangu. Siku moja nilimpokea ndoo. Aliniangalia, akasema, "Asante, Mwalimu. Mbazi alikupenda sana." Maharage yake yalikauka yote. Aliyang'oa, akawapa mbuzi.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kuzoa tope la ndiva. Nyumba zote zilitoa watu, hata nyumba yako iliyokosa maji. Nakunda alishuka ndani ya tope na jembe lako. Elibariki alikuwa hapo anapiga soga. Mmoja akamtania, "Chimba taratibu, wewe, jembe lako lina historia." Watu wakacheka. Wakacheka, Mbazi, mahali ulipoangukia. Naye akacheka.

Nikasimama kwenye ukingo nikasema, "Mbazi hakuinua chuma. Jembe lake nilikuwa nalo mimi. Elibariki alimpiga ameinama, akampiga tena amepiga magoti. Niliona."

Mwanangu akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akanishika shati. "Baba, umezeeka, unaota." Nikarudia. Akanipiga ngumi ya mdomo. Nilianguka chali, nikatema jino, na kabla sijainuka vijana walikuwa wamemfikia. Waliinua majembe. Nilisikia mbavu zake. Mtu alipaza sauti, "Mzikeni humuhumu!" wakamkandamiza uso kwenye tope, miguu yake ikawa inapiga kama ya kuku.

Nilijilaza juu yake. Sikufikiri haki wala sheria. Pigo moja likanivunja kidole. Aliyewazuia si mimi, ni Nakunda. Alisimama juu yetu wote wawili na jembe lako ameliinua, akapiga kelele, "Damu ya Mbazi inatosha humu! Atakayempiga tena, anianze mimi! Mpelekeni polisi!"

Wakampeleka. Mwenyekiti alirudisha zamu ya nyumba yako palepale, na jioni ile kizibo kilifunguliwa upande wenu. Mama yake Elibariki hajasema nami tangu hapo. Ananiwekea chakula, anaondoka. Simlaumu.

Binti yako mkubwa amekuja na daftari lako, nililowarudishia, anataka kazi uliyoitaka. Kurasa za mwisho zimegandana kwa damu, hatukuzibandua. Tulianzia ukurasa mpya, pale ulipoinuka. Ilikuwa imebaki sehemu moja tu: neno la kukanusha likitangulizwa mwanzoni kwa mkazo, kitenzi kisaidizi huruka mbele ya nafsi. "I have never seen" inakuwa "Never have I seen". Akauliza kwa nini waipindue hivyo. Nikamwambia mtu mwenye jambo zito hulitanguliza, na sentensi nzima hujipanga upya kulipisha. Alilishika mara ya kwanza. Akikosea namsahihisha kwa kalamu. Mkono wangu hautamgusa. Nawe, kwa vile viboko sita, nisamehe.

Kwaheri, Mbazi. Lala salama katika udongo wako.

Jumatatu nateremka Same mahakamani. Nitambebea mwanangu kande, kama askari watakubali apewe. Kisha nitasimama mahali pa mashahidi, naye akinitazama, nieleze pigo la kwanza na la pili. Watakaponiuliza aliyepiga ni nani, nakuahidi nitalitaja jina lake lote, kama nilivyompa siku alipozaliwa.

Mwalimu wako