Asubuhi Baada ya Kuacha Lori

Mjukuu wangu Mwende,

Natumai huko Mombasa hujambo. Huku Mtito Andei mvua imenyesha kidogo. Shangazi yako amehamia mjini Wote, kwa hivyo nyumba imenyamaza.

Unaniuliza kama baba yako Kilonzo astaafu mapema, maana akiba anayo. Mimi niliacha kuendesha lori nikiwa bado na nguvu. Pesa ilitosha. Lakini kila asubuhi nilienda kusimama kando ya barabara, nikingoja wenzangu wapite wanipigie honi. Wakapungua, mpaka madereva wakawa vijana wasionijua.

Siku moja nyanya yako alinifuata pale na majembe mawili.

“Baba Kilonzo, kazi umeacha,” akasema, “lakini nyumbani bado hujarudi.”

Alinipa jembe moja, tukaenda kuchimba matuta shambani, yeye upande wake, mimi wangu. Nilirudi nimechoka, nikala vizuri, na kesho yake barabarani sikwenda.

Basi muulize baba yako asubuhi zake atakuwa na nani. Mimi nilikuwa na nyanya yako miaka mingi, na naona ilikuwa michache. Siku hizi nalima peke yangu, lakini upande wake bado nauacha uwe wa mwisho.

Babu yako,
Mutua