Madumu Yaliyojaa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 10 Oktoba 2016
Jengo la tatu. Hodi, fomu, ngazi tena. Kamati ya makanisa ina tangi moja tu la maji kwa mtaa mzima wa Yeoville, na ramani yangu ndiyo itakayoamua liende wapi. Nyekundu kwa jengo lisilo na maji, kijani kwa lenye nayo. Magoti yanauma.

Jumatano, 12 Oktoba
Jengo la Mama Furaha, Mkongo anayesuka nywele chumbani kwake ghorofa ya nne. Amenitembeza mwenyewe, mlango kwa mlango, polepole, akinipigisha soga. Kila nyumba dumu limejaa, na bilauri ya maji juu yake. Jengo zima nimepaka kijani. Nimemaliza mapema, nafurahi.

Alhamisi, 13 Oktoba
Nimerudi bila taarifa. Nilisahau kalamu. Mabomba makavu, madumu matupu yamepangwa koridoni. Moja tu lina maji, limezibwa kwa kitambaa chekundu. Hilo nalijua. Jana nililiona kila nyumba. Walikuwa wakilipitisha ngazi za nyuma, wakinitangulia.

Nimemuuliza Mama Furaha. Hakukana. "Dada, mugeni hawezi kuta dumu tupu. Tungesikia haya."

Eish. Hata kwetu Morogoro tungefanya hivyohivyo, na bado sikushtuka. Mjinga mimi. Nina hasira nao, na nawapenda kupita kiasi. Dumu zito vile, mbiombio, wala tone sakafuni sikuliona.

Ramani inatakiwa Jumamosi. Nikiiacha hivi, watakosa tangi. Nikiibadilisha kimyakimya, nitakuwa nimewavua nguo.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nimemweleza Mama Furaha ramani ni ya nini. Sikuwa nimemwambia, kosa langu. Ametoa madumu yake yote koridoni, akayapindua moja moja mbele ya majirani. Hakuna kitu. Akaniambia niandike, na nianze na jina lake.

Wengine wakafuata. Baba wa chumba cha mwisho alipindua la kwake akitazama ukuta. Ujasiri wa namna ile sijawahi kuuona. Nimechora upya, nyekundu.

Alhamisi, 17 Novemba
Tangi limewekwa uani kwao juzi. Leo Mama Furaha alikuwa na mteja. Amemwosha nywele, akasuuza, akasuuza tena, akasuuza mara ya tatu. Hakuwa na haraka. Nilikaa kitandani kwake nikimtazama.