Tarakimu za Mwisho

Karak, 3 Februari

Nisrin mwanangu,
Hujambo? Unakula vizuri huko Amman? Sisi wazima, ila baba yako kifua humbana akipanda ngazi. Nimewaambia wanawake waliokuja kunisaidia kukanda jamidi, maziwa mgando ya kukausha: mashine inayoita magari ya wagonjwa anaitunza binti yangu, ukipiga tu, nyumba yako imejulikana. Mama Ghalib wa jirani kanuna. "Mwanangu ana gari," kasema. Nikamjibu, "Wako anaendesha moja, wangu anayaendesha yote."
Mama yako

Amman, 9 Februari

Mama,
Nabusu mkono wako na wa baba. Kifua chake kikoje? Acha kunisifu, naogopa. Hifadhidata ya mashine niliijengea faharasa, orodha ya kutafutia namba za simu, zimepangwa kuanzia tarakimu ya kwanza. Lakini namba ziliandikwa ovyo, nyingine na msimbo wa nchi, nyingine bila, kwa hiyo wahudumu hutafuta kwa tarakimu za mwisho. Hapo faharasa haifai kitu. Mashine inapekua nyumba zote za nchi, mojamoja, na mgonjwa anasubiri. Baba akizidiwa usipige huko. Kimbilia kwa Ghalib, mpaka nikuambie.
Binti yako

Karak, 14 Februari

Nisrin roho yangu,
Sisi salama. Kwa Ghalib, baada ya niliyoyasema? Haya, nitakwenda. Juzi baba yako aliketi sakafuni ghafla, akasema anatafuta soksi. Soksi alikuwa amezivaa. Fanya haraka, mama.
Mama yako

Amman, 20 Februari

Mama,
Hamjambo? Imekubali! Tarakimu za mwisho nimezitenga peke yake na kuzijengea faharasa yake. Nimejaribu namba yetu, jina la baba likatokea papo hapo. Sasa pigeni. Mbona hupokei simu?
Binti yako

Karak, 20 Februari

Nisrin,
Simu naisikia. Nikisema nitalia, na hapa hospitali pana watu, basi nakuandikia ujumbe. Asubuhi baba yako alizidiwa kabla ujumbe wako haujafika, nikafanya ulivyoniagiza. Nilibisha kwa Ghalib mpaka mkono ukaniuma. Kumbe alishatoka na gari. Ndipo nikapiga kwenu. Binti aliyepokea hakuniuliza ninakaa wapi. Alisema, "Gari linakuja, mama." Baba yako yuko sakafuni, nami nikajivuna, Mungu anisamehe.
Mashine yako haikuchelewa. Wakikuuliza, waambie hivyo.
Wamemwingiza ndani na kuvuta pazia. Mama Ghalib amekuja, amenishika mkono. Hajanitania hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.
Njoo. Dereva asikimbize gari.
Mama yako