Bulugamu za Mzee Wakoli

Ndalu, 9 Machi 2009

Kwa mjukuu wangu Viola, hapo Kitale,

Mimi niko na miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko nzige, kuliko njaa mbili, kuliko mzungu mwenye shamba hili, kuliko machifu wanne na ndugu zangu wote. Macho bado yanaona. Mkono unatetemeka kidogo kwa sababu kalamu ni nyepesi, mimi nimezoea jembe. Sisi hapa ni wazima. Nyinyi huko je? Kukhu yako Agneta, bibi yako, anakusalimia, ila mgongo unamuuma.

Barua yako nimeisoma mara tatu, zote nikiwa nimesimama. Ati nikate bulugamu zangu, mikaratusi yangu, pale chemchemi? Viola, hapo palikuwa kinamasi. Ng'ombe wawili walizama, mimi nikiona. Bwana shamba akatuambia pandeni bulugamu, zitakausha. Nikapanda thelathini na moja, peke yangu, mwaka wa pili tangu serikali itupe mashamba haya ya skimu. D.O. mwenyewe, mkuu wa tarafa, alikuja akanishika mkono mbele ya watu. Sasa mtoto niliyemnunulia viatu vya kwanza anasema nilikosa?

Na ati huko mnafundishwa kuwa viongozi wa tabianchi. Utaamuru mvua inyeshe? Halafu umeandika utapanda mikuyu kwa mkono wako. Kwetu mwanamke hapandi mti, hata wewe unajua. Anayepanda amesema ardhi ni yake. Baba yako mdogo Wanjala akisikia hivyo atahamia hapa mlangoni kwangu.

Sikati. Na usinipigie kwa simu ya Wanjala, mimi sisemi na mtu nisiyemwona uso. Andika, mpe dereva wa lori la maziwa.

Kuka wako,
Wakoli


Kitale, 20 Machi 2009

Kuka wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, ni baridi tu ya asubuhi. Kukhu aukande mgongo na maji ya moto, kama yapo.

Sikusema ulikosa, kuka. Uliambiwa ukaushe, ukakausha. Lakini miti haikuambiwa iache kunywa lini. Kinamasi kiliisha zamani, sasa inakunywa chemchemi. Mkuyu wenyewe hutunza maji.

Mwalimu wetu, Madam Waithera, amesema kila mmoja arudi kwao, awaongoze watu wake kurekebisha kitu kimoja. Kibiwott wa Suam amechagua mteremko wao uliobomoka. Mimi nimechagua chemchemi yetu. Agosti watakuja kuona. Kama hakuna kitu, nafasi yangu anapewa mwingine. Alisema hivi: "Kama nyumbani hawakusikii, utasikilizwa wapi?"

Lakini hata wasingekuja, ningekuomba tu. Kukhu anapanda kilima kutoka mtoni na mtungi kila asubuhi, na chemchemi iko chini ya nyumba yake.

Chomeka kijiti pale majini. Kata alama maji yanapofika. Nionyeshe kwamba mimi ni mwongo.

Mjukuu wako,
Viola


Ndalu, 14 Aprili 2009

Viola,

Salamu. Sisi wazima, mgongo wa kukhu vilevile.

Nimechomeka kijiti. Si kwa sababu umesema, ni kukunyamazisha. Asubuhi naenda kuangalia, mchana naenda, jioni naenda tena. Nikikaa kwa kiti nainuka. Kukhu yako ananiuliza, "Wewe umepoteza nini huko chini?" Nikamwambia natembeza miguu.

Alama iko mahali pake. Sitaki maswali.

Wakoli


Ndalu, 11 Mei 2009

Viola,

Hujambo? Mbona kimya? Dereva wa maziwa anaapa alikupa barua mkononi. Ama viongozi hawajibu wazee? Mimi nimeandikia watu wakubwa wakanijibu. Si uandike hata mstari mmoja.

Kuka wako


Kitale, 18 Mei 2009

Kuka, salamu. Mimi mzima. Nitajibu ukiniambia alama iko wapi.

Mjukuu wako, mkaidi kama wewe,
Viola


Ndalu, 23 Juni 2009

Mjukuu wangu Viola,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Kukhu yako si mzima sana. Alianguka na mtungi kwenye kile kilima, akaumia goti. Usilie, anakula, na mdomo unafanya kazi kuliko wangu.

Siku ya pili nyumba haikuwa na maji. Nikangoja mtu alete. Hakuna. Wanjala alikuwa ameenda Kitale kuuza mahindi. Nikafunga mitungi miwili kwa baiskeli, nikaenda mtoni mimi mwenyewe, Wakoli.

Wanawake walikuwa wamepanga foleni. Mmoja, Nelima mke wa fundi baiskeli, akapiga makofi. "Karibu mzee wa bulugamu! Miti imekunyima hata kikombe?" Wakacheka mpaka mitungi ikagongana. Nikataka kupita mbele. Akanishika koti. "Panga laini, mzee. Hapa hakuna D.O. wa kukushika mkono."

Nikapanga. Jua likanipata hapo. Mbele yangu mama mjamzito, nyuma yangu bibi wa umri wangu.

Alama umeuliza. Ilifika vidole vinne juu ya maji. Tangu juzi hakuna maji, ni tope.

Jumatatu nilimwita Gicheru, yule mwenye msumeno wa petroli. Nilimwonyesha mti wa kuanza nao, nikageuka nikaangalia upande wa mahindi. Zimelala ishirini na nane. Sasa mwambie Madam Waithera wako hivi: bulugamu ukiikata inachipuka tena, lazima kisiki kichunwe gome mpaka chini kwenye mizizi. Aliwafundisha hilo? Mimi najua bila kufundishwa.

Zimebaki tatu. Njoo. Lete mikuyu yako.

Kuka wako,
Wakoli


Ndalu, 30 Agosti 2009

Kwa Viola, mjukuu wangu,

Salamu. Goti la kukhu linapona. Nimefurahi wageni wako walikuja, na kwamba hukunyang'anywa nafasi. Yule Madam alinisifu kuhusu visiki, uliona.

Nakuandikia jambo unalolijua, kwa sababu hii karatasi si yako peke yako. Iweke. Mimi nimeishi kuliko wengi lakini sitaishi kuliko Wanjala.

Tarehe 4 Julai, Viola binti ya marehemu Levi mwanangu alipanda mikuyu kumi na miwili pale chemchemi, kwa mkono wake. Mimi nilichimba mashimo. Wanjala alisema, "Baba, unajua maana ya hiki kitu?" Nikamjibu najua kuliko wewe, ndiyo sababu nimekuita uone. Akatupa kofia chini. Mvua ndogo ikaanza, akaiokota.

Kwetu anayepanda amesema ardhi ni yake. Basi amesema. Kona ile, kutoka njia ya ng'ombe mpaka kisiki cha mwisho, ni ya Viola. Watu wote wachote.

Maji jana yalikuwa kidole kimoja juu ya tope. Watasema ni mvua. Waseme. Mimi naenda kuangalia tena sasa hivi.

Anayebisha aulize Gicheru mwenye msumeno. Aulize Agneta mke wangu, alikaa kwa kiti akihesabu mikuyu. Aulize Nelima wa foleni, huyo hawezi kunisifu bure. Na amuulize Wanjala mwenyewe, alikuwepo, kofia yake bado ina tope.

Kuka wako,
Wakoli