Koti Jeupe la Baba Mdogo

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama ndiye aliyesema nianze na salamu, mimi ningeiacha.

Unakumbuka ulivyonipakia kwenye baiskeli hadi Maswa kuona kiwanda cha kuchambua pamba? Siku hiyo nilikuona mtu mkubwa. Kisha biashara huria ikaingia, wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa, nawe ukafungua duka la dawa hapa Nkoma. Ulinunua koti jeupe kabla ya kununua dawa. Watu wakakuita Daktari, ukaitika.

Unakumbuka pia siku Baba alipoingia dukani kwako akitoka kwenye mizani ya pamba, mkono kifuani? Alisema anahisi kama amelaliwa na ng'ombe. Jasho la baridi lilimtiririka. Maumivu yalipanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema.

"Gesi hiyo, kaka," ukasema. Ukampa magnesia, dawa ya kiungulia, na soda. "Tembeatembea ubeue."

Ukamtembeza! Mbele ya wateja, umemshika kiwiko, kama dume la mnadani.

Nilisema, kwa hii sauti yangu ndogo, kwamba kitabu cha huduma ya kwanza kinasema hizo ni dalili za moyo: mtu aketishwe, asitembezwe, apelekwe hospitali haraka. Ukacheka. "Profesa! Hicho kitabu chako kimesomea wapi udaktari?"

Swali zuri. Wewe ulisomea wapi?

Mama hakucheka. Alitoka akasimama mbele ya gari la mnunuzi wa pamba.

"Mama, wenzangu watanitangulia Maswa!" dereva akalalamika.

"Basi nikanyage uwahi."

Dereva akashuka. Baba akaketishwa kiti cha mbele, wakaenda naye Bariadi. Daktari wa hospitali, yule aliyesoma, alisema ni shambulio la moyo, na kwamba angecheleweshwa zaidi tungemzika.

Sasa tunasikia uko Mwanza, una duka jingine, na unawasimulia wateja jinsi ulivyomwokoa kaka yako. Sijashangaa. Nimesikitika tu kwamba wanakuamini.

Baba siku hizi anakwenda polepole hadi zizini na kurudi. Jana aliuliza, "Mdogo wangu haji?" Hana kinyongo. Ninacho mimi, kinatutosha wote wawili. Njoo umwone, lakini koti liache huko.

Na siku kifua chako kitakapobanwa namna ile, usijitibu. Tafuta gari, upelekwe kwa daktari.

Mtoto wa kaka uliyemtembeza,
Profesa