Mama, Baiskeli Tutaitaja

Mwaka umetimia, Mama Leonida, tangu ulipotutoka kule Italia, nje ya lango la mji wa Todi, kofia ya baiskeli ikiwa bado kichwani. Tunaanza na hilo kwa makusudi. Mama mdogo Beatha alitupigia simu kutoka Bukoba: "Wanangu, andikeni aliugua ghafla, yatosha. Mkitaja baiskeli watu watasema alijitakia." Wameshasema, Mama. Waseme.

Ulikuwa fundi cherehani wa Doornfontein, huku kusini ulikoolewa, na watoto wengi wa shule mtaa ule bado wanavaa kazi ya mkono wako. Mzazi akikwama pesa, sare ilitoka kwanza, maneno baadaye. Nyumbani Randburg hakuna aliyegusa ndizi zako kabla ya kusema shikamoo, hata wajukuu waliokujibu kila kitu kwa Kizulu.

Ulijifunza baiskeli mvi zikiwa zimeshaingia. Ukajishonea bukta ya kitenge, ukaweka sponji pale panapouma. Ndiyo hiyo inayoonekana pichani. Tuliombwa tuikate picha kiunoni, tukakataa. Jumamosi ulishuka hadi Newtown, na ukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, uliwasalimia madereva wa teksi kama majirani.

Wanajumuiya wakamwendea Baba. Vipi anamruhusu mkewe, bibi mzima, kwenda kuzunguka milima ya Ulaya magoti nje? Baba, ambaye Kiswahili alikiokota Morogoro enzi za ukimbizi na hakukiacha huko, akawajibu: "Eish, ruhusa gani? Mimi nilipewa tarehe tu."

Ukaenda. Ukawa unatupigia simu jioni, unahema na kucheka. "Hawa watu wamejenga miji yote juu ya vilima, kama wanakimbia mafuriko! Pakinishinda nakokota. Kukokota nako ni kwenda."

Na adabu ya kwenu ulikwenda nayo. Kila mwendesha baiskeli uliyemkuta anahangaika na mlima ulimpigia kelele, "Pole! Pole sana!" Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyekueleza, mbavu hana, kwamba kwa masikio ya Kiitaliano ulikuwa unawaita kuku. Ukatuambia: "Basi na wawe kuku. Pole yao nitawapa."

Wenzako wa safari wametusimulia siku ya mwisho. Mlima wa Todi uliupanda wote juu ya tandiko, wao wakikokota. Ulifika, ukaketi kwenye ukuta wa mawe, ukaomba maji, na moyo ukasimama. Tulilia, Mama, na bado tunalia. Cherehani yako ikiwa kimya tunaumia. Lakini uchungu si aibu, na aibu hatutavishwa na mtu.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii, nyumbani, baada ya misa. Wote karibuni, chakula kipo. Kwenye matanga yako kuna aliyetukumbusha methali: aliye juu mngoje chini. Naye tunamkaribisha. Aje, ale, ashibe, kisha aendelee kungoja.

Unakumbukwa na mumeo Sello, wanao Refilwe na Leodgar, wajukuu zako, mafundi wenzako wa Doornfontein, na mdogo wako Beatha, ambaye jana alipiga tena simu kusema jina lake lisikosekane.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na kwa sauti.